Jikoni kwa Bi Mkubwa: mchuzi wa chupa

IJUMAA JIONI

Khadija (Fuoni): Assalaam alaykum jamaa zangu. Shikamooni wakubwa. Jana nimetoka skuli nimechoka, nikapita supamaketi nikachukua chupa ya sosi ya tikka masala, ule mchuzi wa kuku wa Kihindi. Imeandikwa tia kuku, pika dakika 20, umemaliza. Nimefuata vivyo hivyo. Watoto wamekula wali mtupu, baba yao amekula kwa kunistahi tu. Mchuzi mtamu kama uji wa mgonjwa. Naombeni msaada, nusu chupa bado iko kwenye friji na sitaki kuimwaga.

Shangazi Zuhura: Waalaykum salaam, marhaba mwanangu. Kuku ulimkaanga?

Khadija: Hata. Nilimkatakata nikamtia na sosi yake, nikafunika.

Shangazi Zuhura: Basi kuku amechemka tu. Hebu tupigie picha maandishi ya nyuma ya chupa.

Khadija: [picha]

Ami Seif: Hayo maandishi yasomeni kwa mpangilio wake. Kilicho kingi zaidi huandikwa mwanzo, kilicho kidogo mwisho. Hapa ya kwanza ni maji, kisha tungule za kusaga, krimu, sukari, ndipo vitunguu. Yaani sukari imevizidi vitunguu! Thomu na bizari ziko huko chini kabisa. Sasa mchuzi utanukia nini?

Maryam: Subhanallah. Na sisi vitunguu ndiyo mchuzi wenyewe.

Sabra (Leicester, Uingereza): Shikamooni nyote. Da Khadija, huku mimi ndiyo chakula changu siku za zamu, kwa hiyo nimeshayajua. Tikka masala usiipime kwa mchuzi wa nyumbani, imepikwa kwa ulimi wa Waingereza. Mwaka 2001 waziri wao wa mambo ya nje, Robin Cook, alihutubia akasema chicken tikka masala ni chakula cha taifa la Uingereza hasa. Wanapenda laini, yenye krimu, pilipili kidogo. Sosi ya korma ya huku ndiyo tamu zaidi, ina krimu na nazi. Madras ina pilipili. Ukitaka kitu cha karibu na kwetu, chukua madras au jalfrezi, nayo ya pilipili, korma waachie watoto wadogo.

Mwinyi (Chake): Na vindaloo? Nimeiona dukani nikaiogopa.

Ami Seif: Vindaloo asili yake Goa, na jina limetoka kwa Wareno: ni nyama iliyorowekwa kwa siki na thomu. Huko Goa wengi huipika kwa nguruwe, kwa hiyo ukiikuta imeshatiwa nyama, soma kwanza. Sosi tupu haina neno, ila nayo isome.

Sabra: Kweli Ami. Mimi zile zilizokwisha kupikwa za kwenye trei, nisipoona alama ya halali nachukua za mboga au dengu.

Sabra: Na jambo jingine, Da Khadija. Mara nyingine usichukue sosi, chukua masala ya kukandika, ile nzito iliyosagwa na mafuta, kichupa kidogo. Ile haina krimu, kijiko kimoja au viwili vinatosha sufuria nzima, na vitunguu unatia mwenyewe.

Ami Seif: Hizo ndizo zilizowatajirisha akina Patak's, ile kampuni ya masala ya Uingereza. Mzee wao, Lakhubhai Pathak, alihamia Uingereza miaka ya 1950 akitokea Kenya, akaanza kwa kuuza sambusa na vitamutamu walivyopika nyumbani yeye na mkewe. Mtu aliyetokea Afrika Mashariki yetu hii hii, nikiiona ile chupa nafurahi.

Bi Mkubwa: [ujumbe wa sauti, dakika 3]

Maryam: Kwa walio kwenye daladala, nawaandikia alivyosema Bibi:

"Mwambieni Khadija asiimwage, riziki haimwagwi. Sosi hiyo imepikwa lakini haijakaangwa, basi akaikaange yeye. Akate vitunguu maji viwili vikubwa, vyembamba kama vya biriani. Avikaange kwa mafuta ya kutosha mpaka viwe rangi ya tende. Nusu avitoe, avifikiche kwa mkono, aviweke. Kwenye mafuta yaliyobaki atie uzile kijiko cha chai, kijiti cha mdalasini, hiliki tatu. Vikinukia atie thomu na tangawizi alizotwanga mwenyewe, za kutwanga, si za unga. Hapo asiondoke kwenda kutazama simu. Thomu ikiungua mchuzi wote mchungu. Kisha tungule tatu, zivunjike zipotee. Ndipo atie ile sosi, na aendelee kukaanga mpaka aone mafuta yanajitenga pembeni mwa sufuria. Mafuta hayajajitenga, mchuzi bado, hata saa iseme nini. Kuku awe ameshalala kwenye ndimu, mtindi, manjano na pilipili mbuzi, hapo ndipo amtie. Akishaiva, atie vile vitunguu vya kufikicha, kotmiri, na ndimu ya mwisho. Chumvi asitie mpaka aonje."

Shangazi Zuhura: Mwenyezi Mungu akupe umri Bi Mkubwa. Hilo la vitunguu vya kufikicha watu wanalisahau. Rojo la biriani letu uzito wake na ule utamu wa ndani unatoka pale, hautoki kwenye sukari.

Khadija: Ahsante Bibi yangu. Kesho inshaallah. Nitie na tui?

Shangazi Zuhura: Tui la nini na krimu imo? Ukitia tui zito juu ya krimu mchuzi unalala, haunyanyuki. Unachotaka ni ukali, tia ndimu. Tui liweke kwa ile madras.

JUMAMOSI MCHANA

Khadija: Jamani niko jikoni. Harufu mashaallah, jirani ameuliza kuna shughuli gani. Lakini mkono umeshazoea, nimemroweka kuku kwa chumvi kama siku zote. Nimeonja, chumvi imekolea mno!! Nifanyeje haraka

Mwinyi (Chake): Tia mbatata, inafyonza chumvi.

Ami Seif: Mbatata inakunywa mchuzi, chumvi pamoja na maji yake. Haichagui chumvi ikaacha mengine. Ukiitoa, mchuzi uliobaki una ukali ule ule.

Shangazi Zuhura: Mie mbatata natia maisha yangu yote na inasaidia.

Ami Seif: Inasaidia dada yangu, kwa sababu ukitia mbatata unaongeza na maji, sufuria inakuwa kubwa, chumvi inagawika. Dawa ni kuongeza visivyo na chumvi. Khadija, ongeza tungule mbili na maji moto kidogo. Mbatata pia tia, watoto watazila.

Shangazi Zuhura: Hapo tumeelewana. Ongeza na tui jepesi kikombe, lile la pili, kwa leo nimekuruhusu. Wali upike bila chumvi kabisa.

Khadija: Haya

Khadija: Naona mafuta yanajitenga!

JUMAMOSI JIONI

Khadija: [picha] Alhamdulillah. Sufuria imerudi tupu. Mdogo amefutia sahani kwa boflo. Baba yao safari hii ameongeza bila kuulizwa, na amenambia nimpikie hivi hivi wageni wakija. Chumvi imekaa sawa baada ya tungule na tui. Bibi, ile ndimu ya mwisho ndiyo iliyobadilisha kila kitu. Kabla yake mchuzi ulikuwa mzuri lakini umenyamaza.

Bi Mkubwa: [ujumbe wa sauti] "Masha Allah mwanangu. Niletee bakuli kesho nionje hiyo chupa yenu."

Mwinyi (Chake): Na mimi nimejaribu kwa samaki. Niko peke yangu, nilikuwa na pakiti ya madras. Nimekaanga kitunguu na thomu, nikatia pakiti, embe mbichi moja, kisha vipande vya jodari mwisho kabisa, dakika chache nikazima. Mara ya kwanza wiki iliyopita nilimtia samaki mwanzoni akawa mkavu kama kuni.

Sabra: Embe mbichi! Umenitia hamu na huku siipati ya maana. Natumia ukwaju wa kipande, naukamua kwenye maji moto. Unaifaa sana ile ya dengu.

Shangazi Zuhura: Sasa nataka kusema jambo, na nalisema kwa mapenzi. Khadija hakununua chupa kwa uvivu. Mtu anatoka skuli, anasubiri daladala Mwanakwerekwe, anafika magharibi, watoto wana njaa. Kinachomshinda si bizari, bizari zimejaa kabatini. Kinachomshinda ni ile nusu saa ya kumenya, kutwanga na kukaanga vitunguu. Basi kikaangwe siku moja. Mimi Jumapili nakaanga kilo mbili za vitunguu mpaka rangi ya tende, natia thomu, tangawizi, uzile, giligilani na tungule, nakaanga mpaka mafuta yajitenge. Ikipoa natia kwenye trei za barafu, ikiganda nahamishia mfukoni. Chumvi sitii. Siku ya kazi unatoa vipande vinne, kuku wako, maji, umemaliza dakika zile zile za chupa. Haina sukari, na vitunguu ndivyo vya kwanza kwenye orodha.

Maryam: Shangazi, na hukutwambia miaka yote hii?

Shangazi Zuhura: Hamkuuliza. Mlikuwa mnakuja kula.

Khadija: Nataka kujifunza nikiona kwa macho. Kesho nije?

Shangazi Zuhura: Njoo baada ya adhuhuri, na bakuli la Bi Mkubwa ulete. Maryam naye aje, kilo mbili za vitunguu hazimenywi na mtu mmoja.

Maryam: Nakuja. Napita Darajani asubuhi, nilete nini?

Shangazi Zuhura: Thomu nusu kilo, tangawizi, tungule zilizoiva sawasawa. Giligilani ninayo. Trei ninazo mbili tu, mwenye nyingine alete.

Khadija: Mimi ninayo moja. Na ile chupa nimeiosha, nitatilia uzile.