Magogo 640 ya msindano yamelala Mufindi: tuuze palepale au tulete mbao Dar?

Kimara Mwisho
Wakubwa shikamooni, wengine habari za saa hizi. Shamba la familia la misindano liko ndani kabisa Mufindi, kilomita 31 za vumbi mpaka uikute lami. Miti imeangushwa wiki iliyopita na kukatwa magogo ya futi 12, jumla 640. Mnunuzi kaja na pikipiki, kazunguka nusu saa, kataja bei moja ya lundo zima. Hataki habari ya tepu. Sisi tuko Dar na hatujui hata tunauza meta ngapi za ujazo. Tunakadiriaje bila kupima gogo moja moja? Na je, tukichana wenyewe tukaleta mbao Buguruni, italipa au nauli itatumeza?

Tepu Mkononi
Mkuu, huyo hataki tepu kwa sababu ameshapima kwa macho, na macho yake yana uzoefu kuliko yako. Bei yake msiijibu kwanza.

Tepu ya fundi cherehani inatosha. Pima kila gogo la kumi kwa mpangilio yalivyolala, msichague manono. Mtapata 64. Mzingo unapimwa katikati ya gogo: kitako kitakupa ujazo wa uongo, na akija mtu wa kupima nchani ujue anakupunja. Bandueni gome pale tepu inapopita, maana gome halichanwi mbao. Halafu mzingo mara mzingo mara urefu mara 0.0796, vyote kwa meta. Gogo lenye mzingo wa 0.80 na urefu wa 3.75 linatoa meta za ujazo 0.191.

Kosa linalowaponza wengi ni kutafuta wastani wa mizingo kwanza ndipo wapige hesabu mara moja. Chukua magogo mawili, la sentimita 60 na la 100. Wastani ni 80, yaani meta 0.80, mraba wake 0.64. Lakini ukipiga kila moja peke yake unapata 0.36 na 1.00, wastani 0.68. Hapo umeshapoteza kama asilimia 6 ya mzigo kwa uvivu wa kalkuleta. Pigeni gogo kwa gogo, jumlisheni, kisha zidisheni kwa kumi.

Mkikutana na mnunuzi anayegawa mzingo kwa nne, akazidisha jibu kwa lenyewe na kwa urefu, hiyo ni hoppus, wanaitumia sana kwenye misaji. Meta 100 za kweli zinakuwa 78.5. Si wizi, ila bei ya meta moja nayo ipande kwa asilimia 27 hivi (100 gawa kwa 78.5).

Dingdong
Naongezea la haraka kuliko hesabu: msindano ukishalala, saa inakwenda. Kwenye joto, wiki mbili tatu zinatosha ukungu wa bluu kuingia kupitia vichwa vya gogo na popote gome lilipochubuka. Nguvu ya mbao haipungui sana, lakini mteja wa Dar akiona michirizi ya bluu anaita mbao mbovu na bei inashuka. Ukiacha pale pa kupitisha tepu, yaacheni na magome yake, yainueni juu ya udongo, yafunikeni kwa matawi, na mchane kwa kufuata tarehe ya kukatwa, si lililo karibu na mashine.

Hakikisheni pia urefu. Futi 12 kamili ni meta 3.66. Gogo likikatwa 3.66 bila ziada, kichwa kikipasuka kidogo tu mbao inashuka futi 10. Ndiyo maana mwenzangu hapo juu kaandika 3.75.

Kuhusu mbao zitakazotoka, dingdong zetu (mashine za kuchana zenye msumeno wa duara) msumeno wake unakula milimita 6 mpaka 8 kila unapopita, na opareta akiwa na haraka mabanzi yanatoka manene. Wekeni theluthi moja ya ujazo. Mashine ya mkanda inakula milimita 2 au 3, inaweza kukaribia nusu, ila kuifikisha kilomita 31 ndani ni shughuli nyingine. Kama wastani wenu ni huo wa 0.191, mna meta 122 za gogo, zitoke kama 40 za mbao. Meta moja ya ujazo ni 2x4 za futi 12 vipande 53, au 2x6 vipande 35, au papi za 2x2 vipande 106. Kwa 2x4 tupu mnazungumzia mbao 2,100 hivi. Opareta alipwe kwa mbao iliyofika kipimo, siyo kwa siku.

Kimara Mwisho
Shukrani sana wakuu. Sasa tukichana, kwa nini tusipakie mbichi tukakaushia Dar? Huko juani si ndio zitakauka upesi?

Ekseli Mbili
Kaka, utakuwa unalipia nauli ya maji. 2x4 ya futi 12 mbichi ni kama kilo 17, iliyokaushwa kwa hewa ni kilo 9 na ushee. Mbao 2,100 mbichi ni tani 36, kavu ni tani 20. Fuso ya ekseli mbili mwisho wake kisheria ni tani 18 na gari lenyewe, yaani 8 mbele na 10 nyuma, ukitoa uzito wa gari unabaki na tani 11 hivi za mzigo. Mbichi ni safari nne, kavu ni mbili. Tena mbichi zikibanwa chini ya turubai siku mbili zinachemka, na ile bluu inafika Dar kabla yako.

Zipangeni shambani, nusu meta juu ya ardhi, kila tabaka na vijiti vya inchi moja vilivyonyooka juu kwa juu, mabati au mabanzi yawe paa. Kiangazi hesabuni wiki sita. Ila mvua za Mufindi zisiwakute hamjatoa mzigo, njia hiyo ya vumbi ikilowa Fuso haipandi. Kabla ya hapo vusheni kwa trekta na tela mpaka palipo na lami.

Kwenye mizani (Wenda, Mikumi, Vigwaza) tatizo mara nyingi si jumla. Mafungu mawili ya futi 12 yanafika meta 7.3. Bodi ikiwa ya 6.5, sentimita 80 zinaning'inia nyuma na ekseli ya nyuma inazidi wakati gari zima halijazidi. Tafuteni bodi ndefu, au changanyeni na za futi 10.

Hati: barua ya serikali ya kijiji kuthibitisha shamba ni lenu, ushuru wa halmashauri na risiti yake, kisha TP (kibali cha kusafirisha mazao ya misitu) ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, kutoka wilaya mzigo unakotoka. Idadi na vipimo kwenye TP vifanane na vilivyo kwenye gari. Mkiongeza mbao 40 za jirani njiani, mmeuharibu mzigo wote.

Banda la Keko
Huku mjini jueni mambo matatu. Mbao nyingi zinazoitwa 2x4 ni pungufu, mkileta kipimo kamili semeni mapema na mpime mbele ya mnunuzi, la sivyo mtalipwa bei ya pungufu. La pili ni dawa: wa kupaua wanaiulizia kwa sababu ya mchwa, na dawa ya mtungi (inayoshindiliwa ndani ya mbao kwa presha) haiingii kwenye mbao mbichi. Ya kuchovya inapaka kijani juu tu, mteja mjanja anakata kichwa cha mbao aone ndani. La tatu, msishushe mali kauli. Mwenye banda akishapanga mzigo wako katikati ya mizigo yake, bei inakuwa anayoitaka yeye. Na elewaneni mapema nani anawalipa makuli wa kushusha.

Kimara Mwisho
Mdogo wangu anapanda basi Mbezi kesho alfajiri, ana tepu mbili.

Tepu Mkononi
Abebe na chaki ya mafuta. Kila gogo analolipima aliandike namba kichwani, mkija kubishana na mnunuzi mnalirudia lilelile.