Walimuua Voldemort bila shahidi hata mmoja, na mpaka leo sijawasamehe

Wakuu,

Uzi huu nimeuahirisha kwa miaka mingi. Kila nikitaka kuandika najiambia filamu ya mwisho ya Harry Potter, Deathly Hallows sehemu ya pili, ilitoka Julai 2011, watu wameshasahau, niache. Lakini juzi nimemaliza kuzitazama zote nane pamoja na mdogo wangu, ambaye hajawahi kufungua kitabu hata kimoja cha Harry Potter, na swali aliloniuliza mwishoni limenirudishia hasira yote. Leo naitoa. Kama bado hujaitazama Deathly Hallows sehemu ya pili na unapanga kuitazama, ishia hapa, maana nitaeleza kila kitu.

Swali lenyewe ni hili. Voldemort, mchawi mwovu na adui wa Harry, ameshapeperuka vipande vipande kama karatasi iliyoungua. Harry anaingia peke yake Ukumbi Mkuu wa Hogwarts, shule yao ya uchawi. Watu wamekaa kwa makundi, wamechoka, Filch, mtunza shule, anafagia kifusi kwa ufagio wake. Wengine wanamtazama Harry na kutabasamu kidogo, rafiki yake Hagrid anamkumbatia, anaendelea kutembea. Mdogo wangu akanigeukia: "Sasa hawa wamejuaje kama amekufa?"

Nilifungua mdomo nimjibu, nikakosa la kusema. Kwa sababu filamu haisemi. Hakuna aliyeona. Mchawi aliyewatisha watu hawa tangu kabla Harry hajazaliwa, ambaye hata jina lake walikuwa hawathubutu kulitaja, amekufa uani hakuna mtu pembeni, na waliobaki hai wanaonekana kama watu wanaosubiri usafiri.

Kwa ambao hamjasoma kitabu, naomba niwasimulie ilivyokuwa, maana bila hivyo hamtaelewa kwa nini mtu mzima ana hasira kiasi hiki.

Ni alfajiri. Vita imerudi ndani ya ukumbi. Waliokuja kusaidia ni wengi: familia za wanafunzi, wenye maduka wa kijiji cha Hogsmeade, hata wale elf wa jikoni, watumishi wadogo wa kichawi, wametoka na visu vyao wakiongozwa na Kreacher, yule yule aliyekuwa akimtukana Harry kila siku. Filamu haikutupa hata sekunde moja ya hao. Molly Weasley, mama wa rafiki yake Harry, anamwangusha Bellatrix, mfuasi mkuu wa Voldemort, Voldemort anageuka kumwua Molly, na hapo Harry anavua joho la kutoonekana. Ukumbi unapiga kelele, halafu kimya. Harry anawaambia wote wasiingilie. Wanaanza kuzungukana, yeye na Voldemort, na kwa kurasa kadhaa hakuna uchawi wowote unaorushwa. Ni maneno tu. Harry anaeleza kila kitu mbele ya wote: kwamba Snape, mwalimu aliyemuua Dumbledore mkuu wa shule, alikuwa mtu wa Dumbledore tangu siku Voldemort alipoanza kumwinda Lily, mama yake Harry, kwamba kifo cha Dumbledore kilipangwa na Dumbledore mwenyewe, kwamba Elder Wand, fimbo ya uchawi inayomtii aliyemshinda mwenye nayo, haikuwahi kuwa ya Snape kwa sababu Draco, mwanafunzi mwenzake Harry, ndiye aliyemnyang'anya Dumbledore silaha, na Harry naye alishamnyang'anya Draco. Anamwita Riddle mbele ya umati (Tom Riddle ndilo jina lake la kuzaliwa). Anamtaka ajaribu kujuta. Mtu aliyewaua wazazi wake, anampa nafasi ya mwisho ya kujuta!

Jua linachomoza. Kila mmoja anatamka lake. Fimbo inaruka hewani, Harry anaidaka, na Voldemort anadondoka sakafuni kama anavyodondoka mtu yeyote. Unabaki mwili, mdogo, dhaifu, mikono mitupu. Wanaubeba na kwenda kuulaza katika chumba cha pembeni, mbali na miili ya Fred, Tonks, Lupin, Colin Creevey na wengine hamsini waliokufa wakipigana naye.

Hapo kwenye kumtenga mwili nililia. Nikasubiri miaka minne, tangu kitabu kilipotoka Julai 2007, nikaone kwenye skrini.

Nikaoneshwa nini? Harry anamwita Tom mara moja, anamkumbatia, wanajirusha kutoka juu ya mnara, wanapaa kama moshi mweusi huku nyuso zao zikichanganyika, wanaanguka uani, mwanga mwekundu na wa kijani, halafu mabaki yanapeperuka angani. Hakuna maelezo wala jina lake la kuzaliwa mbele ya wafuasi wake. Anakufa hajui kwa nini fimbo ilimgoma! Siri ya Elder Wand wanakuja kuelezwa Ron na Hermione, rafiki zake Harry, darajani baada ya yote kwisha, kama mtu anayekumbuka kusema jambo dogo alilolisahau.

Wakuu, huyu ni mtu ambaye tangu utotoni alilichukia jina Tom kwa sababu kina Tom ni wengi. Aliipasua roho yake ili asife kama wengine. Adhabu yake yote ilikuwa kufa kama mtu wa kawaida, chali, macho ya kila mmoja yakimwangalia. Filamu ikampa alichokuwa anakitaka maisha yake yote: kifo ambacho hakuna binadamu mwingine anakufa. Bellatrix vilevile, amepasuka vipande. Nagini, nyoka wake, moshi. Waovu watatu wakubwa, hakuna hata mmoja aliyeacha maiti, wakati watu wetu wamelazwa sakafuni wamefunikwa mashuka.

Lakini la Snape ndilo linaloniuma kuliko yote, na nashangaa silioni likizungumzwa sana.

Sina neno baya kwa Alan Rickman, aliyemwigiza Snape. Kumbukumbu za Snape ndiyo sehemu bora kuliko zote katika filamu zote nane, na nitagombana na yeyote atakayepinga. Sasa rudini nyuma kidogo. McGonagall, mwalimu mwenzake, anapigana na Snape ukumbini, Snape anaondoka kwa kuvunja dirisha, na McGonagall anamfokea kuwa ni mwoga. Wanafunzi wanashangilia. Hiyo ndiyo picha ya mwisho waliyobaki nayo watu wote wa Hogwarts kuhusu Severus Snape: mwoga aliyekimbia. Kitabuni na McGonagall anamwita mwoga, lakini kabla ya jua kupanda anasikia kutoka mdomoni mwa Harry kwamba hakuwa mwoga. Wote wanasikia. Snape anasafishwa jina lake mbele ya watu wale wale waliomlaani.

Kwenye filamu ukweli huo anaujua Harry tu, aliyeuona kwenye beseni la kumbukumbu. Anakuja kuutamka miaka 19 baadaye, kwa kunong'ona, kwa mtoto wake, kwenye kituo cha treni. Kwa filamu inavyotuonesha, McGonagall aliondoka na lile neno lake alilolitupa. Dakika moja ingetosha kulirekebisha. Dakika moja!

Na msiniambie muda haukutosha. Kitabu kimoja kilikatwa filamu mbili, na tuliambiwa ni kwa ajili ya kukitendea haki. Ya pili ina dakika 130, ndiyo fupi kuliko zote nane. Chamber of Secrets, kitabu chembamba kabisa ukilinganisha na hiki, kilipewa dakika 161. Nusu saa nzima zaidi! Steve Kloves aliandika filamu zote isipokuwa ya tano, David Yates aliongoza nne za mwisho. Walikuwa wanaijua hadithi hii nje ndani, siwezi kukubali kwamba hawakujua wanachokikata.

Fred, mmoja wa mapacha wa Molly. Kitabuni Percy, kaka yake aliyeikana familia, amerudi usiku ule ule kuomba msamaha. Anapigana bega kwa bega na Fred, anatoa utani, na Fred anafurahi mno kumsikia Percy akitania baada ya miaka yote hiyo. Ukuta unalipuka. Fred anakufa na kicheko kikiwa bado usoni. Ndiyo maana tuliumia: alikufa dakika ambayo ndugu wawili walikuwa wamepatana. Filamu ikatukutanisha na mwili uliolala, familia inalia. Msamaha wa Percy haumo. Mdogo wangu ilibidi aulize ni yupi kati ya mapacha.

Lupin na mkewe Tonks, nitakuwa mkweli, hata kitabu hakikuonesha walivyouawa. Lakini kitabuni tulimjua mtoto wao. Lupin alikuja mbio usiku wa upepo mkali kutangaza kwamba amezaliwa Teddy, akamwomba Harry awe baba wa ubatizo. Kwenye filamu Tonks alijaribu kusema kitu sehemu ya kwanza akakatizwa, na baada ya hapo mtoto anatajwa msituni, Harry akiongea na kivuli cha Lupin aliyekwisha kufa. Unaambiwa marehemu ana mtoto wakati huohuo unapomuaga. Mtu asiyesoma vitabu anabaki anajiuliza, mtoto gani?

Na wanafunzi wote wa Slytherin, moja ya mabweni manne ya shule, wakiwemo watoto wa miaka 11, wanaamriwa wafungiwe chini kwenye mahandaki, ukumbi unashangilia. McGonagall wa kitabuni aliwatoa nje ya shule pamoja na wadogo wengine. Sitasema zaidi hapo, nitatukana.

Dumbledore naye, na dada yake Ariana, na urafiki wake na mchawi mwovu Grindelwald, yote yale yaliyomfanya Harry katika kitabu kizima ajiulize kama alimpenda mtu asiyemjua? Aberforth, mdogo wake Dumbledore, anaanza kueleza, na Harry wa kwenye filamu anamjibu kwamba yaliyotokea kati yake na kaka yake hayamhusu. Shujaa mwenyewe ndiye anatufungia mlango.

NYONGEZA, baada ya kusoma majibu yenu:

Nimesoma yote, asanteni, hata mlionitukana.

Aliyesema kitabu ni kitabu na muvi ni muvi, kwamba watu wawili wanaozungukana wakiongea hawawezi kushika skrini: sehemu iliyowaliza watu wengi kwenye filamu hii ni mtu kumshika mwanamke aliyekufa na kulia. Nyingine inayosifiwa ni wawili wanaotembea kwenye kituo cheupe wakiongea. Maneno yanashika skrini vizuri tu. Halafu ulikuwa na Ralph Fiennes! Mwigizaji wa kiwango kile, unamnyima nafasi ya kuonesha uso wa Voldemort anapoelewa, mbele ya wafuasi wake, kwamba fimbo aliyoifukulia kaburi haikuwa yake hata siku moja? Ningetoa mapigano yote ya mnarani nipate sekunde kumi za uso ule.

Aliyesema mwili wa Voldemort ulitengenezwa kwa uchawi, kwa hiyo ni sawa upeperuke: kumbuka ulitengenezwa kwa nini. Mfupa wa baba yake, nyama ya mtumishi wake, damu ya adui yake. Mfupa, nyama na damu ndivyo vinavyoacha maiti.

Aliyeleta hesabu za mapato, kwamba iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3 duniani: na mimi nimo humo ndani ya hizo, mara mbili. Tulienda kwa sababu ya miaka kumi ya mapenzi. Haina maana tuliridhika.

Na aliyenikumbusha fimbo ya Harry, umenichoma mahali pabaya, nilikuwa nimeamua nisiiguse. Ile fimbo yake ya kwanza, yenye unyoya wa phoenix, ilivunjika Godric's Hollow. Kitabuni jambo la pekee analolifanya Harry na Elder Wand, fimbo yenye nguvu kuliko zote, ni kuitumia kuunga fimbo yake ya zamani, kisha anaamua kuirudisha kaburini kwa Dumbledore. Hakutaka kingine. Kwenye filamu anaivunja vipande viwili na kuitupa bondeni, na ya kwake inabaki imevunjika, hakuna hata anayeitaja. Fimbo iliyomchagua akiwa na miaka 11!

Kuhusu tamthilia mpya ya HBO, iliyotangazwa Aprili 2023: mnasema nisubiri, hawa wana msimu kwa kila kitabu. Nasubiri. Ombi langu kwao ni moja. Wapunguze mazimwi wakitaka, wapunguze Quidditch yote, ule mchezo wa kupaa na fagio, ila ukumbi ule waujaze watu.

Na mliouliza kama mdogo wangu alipata jibu: alipata. Usiku ule ule nilichukua kitabu, nikafungua sura ya 36, nikamsomea huku namtafsiria palipokuwa pagumu. Alinisikiliza bila kusema kitu mpaka Harry alipofika kwa Snape na Lily. Akanishika mkono nisite kusoma.

"McGonagall yupo hapo? Anasikia?"

Nikamwambia yupo.