Naomba ushauri: tuna mbwa wawili nyumbani na nakaribia kujifungua

BintiGoba

Habari zenu wapendwa. Naomba mnisaidie mawazo, jambo hili linaninyima usingizi.

Niko Goba, Dar es Salaam, mimba ya miezi saba, uzao wa kwanza. Tuna mbwa wawili. Dume ni chotara wa German shepherd, anaitwa Simba, mume wangu alikuwa naye kabla hatujaoana. Anashinda barazani, mvua ikinyesha anaingia hadi sebuleni, na kila ninapokwenda yuko nyuma yangu. Jike ni wa kienyeji, Popi, yeye ni wa bandani. Usiku tunawafungulia wote kwa ajili ya ulinzi.

Popi ni mwoga. Juzi juzi mtoto wa wifi yangu, ana miaka mitatu, alimfuata akiwa anakula, Popi akamngurumia. Hakumng'ata, lakini tangu hapo simwamini tena.

Mama mkwe anakuja kutoka Moshi kunilea, na ameshasema kwenye simu asiwakute hao mbwa. Mume hataki kusikia, maana huku kwetu wezi wanaruka kuta. Mimi nawapenda, ila mtoto wangu kwanza. Inawezekana wakaishi na mtoto mchanga kwenye uwanja mmoja? Na kama inawezekana, nianze na nini sasa hivi?

Mzee wa Ubungo

Binti yangu, mimi nasema watoeni. Mbwa ni mnyama hata umlishe miaka kumi. Mtoto mchanga hawezi kukimbia wala kujitetea. Mtafutieni ndugu mwenye shamba awachukue, mkishatulia mtafuga wengine.

MamaWawili_Arusha

Hongera sana mdogo wangu, Mungu akujalie ujifungue salama.

Mzee hapo juu ana haki ya kuogopa, lakini usiwatoe kabla hujajaribu kupanga. Mimi nimelea watoto wawili na mbwa uani. Hofu ya watu wengi ipo kwenye siku ile mtoto anapoletwa kutoka hospitali, na siku hiyo ndiyo rahisi kuliko zote kwa sababu mtoto amebebwa na kila mtu yuko macho. Kazi inaanza pale anapotambaa, miezi saba au minane hivi, anapofuata mkia, anapotia mkono kwenye bakuli. Ile miezi yote ya katikati ndiyo unayo ya kuwafundisha mbwa, na wewe mwenyewe kujifunza.

Sasa huyo Simba. Kama hutaki aingie ndani mtoto akishazaliwa, mzuie kuanzia wiki hii. Usisubiri. Ukimfungia nje siku mtoto anapofika, atakachojua ni kwamba kitu kipya kimekuja na yeye amefukuzwa. Ukianza sasa, akifika mtoto yeye ameshazoea kulala barazani. Hivyo hivyo kwa kukufuata: mume aanze kumlisha na kumtembeza yeye, kwa sababu wewe siku zako za uzazi hutatoka chumbani sana.

Mzoeshe na sauti. Tafuta sauti ya mtoto mchanga analia kwenye simu, ianze chini kabisa huku anakula au anachezewa, siku zinavyokwenda unaongeza. Akihangaika, rudisha chini. Ukishajifungua, mume arudi nyumbani na kitambaa alichofungiwa mtoto, Simba akinuse kwa mbali mkononi mwa mume, apewe kitu kitamu, basi. Siku ya kufika, wewe ingia kwanza bila mtoto umsalimie mbwa wako, maana atakuwa na hamu na wewe na atataka kurukaruka. Akishatulia ndipo mtoto aingizwe, tena mbwa wote wakiwa wamefungwa kamba. Hakuna haja ya kuwasogeza wamlambe. Wakimwona kwa hatua kadhaa na kutulia, inatosha kwa siku hiyo.

DaktariMifugo_Moro

Naongeza upande wa afya, maana watu wanawaza meno tu.

Kwanza chanjo ya kichaa cha mbwa. Kila mbwa kuanzia umri wa miezi mitatu, kisha kila mwaka. Angalia kadi zao leo, hasa ya Popi, kwa sababu mbwa wa kienyeji wa bandani ndiye anayesahaulika mara nyingi. Takriban asilimia 99 ya watu wanaopata kichaa cha mbwa duniani wanakipata kutoka kwa mbwa, na dalili zikishaanza kwa binadamu ni kifo karibu kila mara. Ikitokea mtoto ameng'atwa, kukwaruzwa, au kulambwa penye kidonda: osha papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo akachomwe chanjo. Hata kama mbwa ni wenu na ana kadi, mwache daktari aamue. Mbwa mwenyewe msimuue, mfungeni aangaliwe siku 10.

Pili minyoo. Mbwa mkubwa apewe dawa kila baada ya miezi mitatu, na iwe inayoua tegu pia. Kinyesi kiokotwe kila siku, kwa sababu mayai ya baadhi ya minyoo yakikaa kwenye udongo wiki chache ndipo yanakuwa tayari kuambukiza, na mtoto anayetambaa kila kitu kinaishia mdomoni. Na tafadhali acheni kuwapa utumbo, mapafu na maini mabichi kutoka buchani. Chemsheni hadi viive. Kule Turkana, kaskazini magharibi mwa Kenya, tegu wa mbwa amesumbua watu miaka mingi: mbwa anakula viungo vibichi vya mbuzi na kondoo, anapata tegu, mayai yanatoka kwenye kinyesi na kushika hadi manyoya, binadamu akiyameza anaota mavimbe ya maji kwenye ini au mapafu. Huko mbwa walikuwa wanaachwa hadi kulamba watoto wakijisaidia. Kwa hiyo suala la mbwa kumlamba mtoto usoni sitaki hata mjadala.

Mkiwaogesha dawa ya kupe na viroboto, mtoto asiwaguse wala kukaribia walipolala mpaka wakauke kabisa.

BintiGoba

Asante sana daktari, asante dada wa Arusha. Kadi ya Simba ni ya mwaka huu. Ya Popi siioni, mume anatafuta.

Swali: huyu Popi aliyenguruma, ndiyo dalili kwamba atang'ata? Mume alimchapa siku ile ili akome.

DaktariMifugo_Moro

Dada, mwambie shemeji asimchape tena kwa kunguruma. Kunguruma ni onyo, anasema niache nile. Mbwa anayechapwa kila akinguruma anaacha kunguruma, siku nyingine anang'ata bila onyo, na hapo ndipo watu wanasema "hakuwahi kuonyesha kitu".

Kabla hajanguruma huwa ameshasema mengi: anageuza kichwa pembeni, anapiga miayo wakati hana usingizi, anajilamba midomo wakati hakuna chakula, anakuangalia hadi unaona weupe wa jicho, anakakamaa mwili mzima. Mkia kutikisika peke yake si ushahidi wa furaha. Ukiona hizo, mwondoe mtoto taratibu, mbwa mwache.

Kwa Popi, chakula chake kiwe bandani na mlango umefungwa, kila siku, bila kusahau. Mbwa mwoga anayelinda bakuli hapaswi kufikiwa na mtoto anayetambaa hata siku moja. Akiendelea kunguruma watu wakiwa mbali, hata bila chakula, huyo atafutiwe kwake kusiko na watoto. Hapo nakubaliana na Mzee wa Ubungo.

Mwanatanga

Assalaam aleykum. Mimi ni Muislamu, kwetu mate ya mbwa ni najisi na chombo alicholamba kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Lakini mbwa wa ulinzi tunao uani, kwa hiyo tumejifunza kuwatenga vizuri, na utaratibu wetu unaweza kukufaa hata kama imani ni tofauti.

Anayelisha mbwa ana ndala zake na nguo zake za kazi hiyo. Akimaliza ananawa kwa sabuni kabla hajashika mtoto. Kamba ya kuanikia nguo iwe juu, mbwa wanapenda sana kuvuta nepi, harufu inawavutia. Pampasi chafu ziwe kwenye ndoo yenye kifuniko. Na weka geti dogo la nondo au mbao kwenye mlango wa baraza. Msitegemee macho tu, mama mzazi anasinzia akinyonyesha.

Jingine: dada wa kazi. Nyie mtapanga yote haya, ila saa nne asubuhi mtoto yuko naye. Awemo kwenye kila maelezo, na ajue kwamba akienda kuangalia sufuria jikoni, hata kwa dakika moja, anaondoka na mtoto.

MamaWawili_Arusha

Mwanatanga umesema kweli tupu. Naongeza la wageni. Ukijifungua nyumba itajaa watu wa kuja kumwona mtoto, wengine na watoto wao, geti linafunguliwa na kufungwa siku nzima. Mbwa wawe bandani saa zote za wageni, na wafunguliwe usiku mkishafunga milango.

Na kwa kuwa mama mkwe ni wa Moshi, mtori utapikwa. Mifupa ya mtori isitupwe barazani. Mbwa mpole kabisa anaweza kuwa mwingine akiwa na mfupa, na kile kipande kilichosahaulika chini ya kiti ndicho mtoto atakachokitambalia.

Kuhusu mama mkwe, usishindane naye kwenye simu. Mwache mume aongee na mama yake, amweleze mipango yenu, akifika aone geti na banda kwa macho yake.

BintiGoba

Mmenisaidia sana, Mungu awabariki. Mume amesoma uzi wote usiku. Kadi ya Popi imepatikana, chanjo imepitwa na muda, kwa hiyo wote wawili wanapelekwa kesho kwa daktari wa mifugo, na dawa ya minyoo wanapewa huko huko. Simba ameanza kulala barazani, jana alilia mlangoni ila tumekaza moyo. Fundi anakuja Jumamosi kupima geti la baraza. Popi tutamwangalia mpaka nijifungue, na mdogo wake mume mwenye shamba Mkuranga amekubali kumchukua tukiona hatulii.

Mama mkwe bado hajakubali. Amesema atakuja kuona kwanza.