Mama anafanyiwa upasuaji wa shavu, wanasema wataziba na ngozi ya mkono. Hii ngozi ni ya nani jamani?

BintiPangani
Habari za saa hizi wapendwa. Mama yangu ana miaka 61, katokwa na kidonda ndani ya shavu la kulia tangu mwezi wa Ramadhani, sisi tukajua jino, akasukutua maji ya chumvi mpaka akachoka. Tambuu na tumbaku anakula tangu usichana wake, simlaumu ndo alivyokuta. Wakakata kinyama wakapima, majibu ni kansa. Sasa daktari anasema wataondoa hapo penye ugonjwa na tezi za shingoni, halafu shimo litakalobaki wataliziba kwa ngozi ya mkono, hapa kwa ndani juu kidogo ya kiganja. Mi nikaitikia tu ndio ndio kama nimeelewa vile. Kufika nyumbani mjomba akasema hizo ngozi siku hizi ni za maiti au nguruwe zinaagizwa nje, mama kusikia vile kagoma, anasema bora aende na mdomo wake ulivyo. Upasuaji wiki ijayo. Mnaojua nisaidieni, ni ngozi ya nani hiyo? Na ngozi ya nje ikae mdomoni si itaoza? Halafu mama anasuka mikeka, huo mkono utarudi kazini kweli?

SistaWaThieta
Pole mdogo wangu. Niko chumba cha upasuaji mwaka wa 9 sasa, hizi za mdomo na shingo nimesimama nyingi. Ngozi ni ya mama mwenyewe, mwambie hivyo kabla hujamwambia kingine chochote. Hiyo ya mkono wanakata kipande pamoja na mafuta ya chini yake na mshipa wake wa damu, ule ule unaopimia mapigo, wanakihamisha kizima mpaka shavuni kisha wanaunga mshipa na mishipa ya shingoni kwa darubini, uzi mwembamba kuliko unywele. Kwa hiyo haiozi kwa sababu damu inapita, ni nyama hai. Wazee wa thieta wanaiita flapu ya Kichina maana walioiandika kwanza ni madaktari wa China mwaka 1981.

Kuna nyingine nyepesi, inaparuliwa pajani kwa kisu maalum, haifiki hata nusu milimita. Ile haina mshipa wake, siku 2 za mwanzo inafyonza tu majimaji ya kidonda kama mche uliohamishwa, baadae ndo vimishipa vya chini vinaingia. Ikiteleza kidogo tu au damu ikajikusanya chini yake, haishiki, ndo maana wanaigandamiza na bonge la pamba na kushonea juu siku 5 hivi au wiki. Kidonda cha juu juu cha ulimi inatosha, ila shimo la shavu zima ukiweka hiyo inajikunja, mdomo unakaza mgonjwa anashindwa hata kuingiza kijiko. Mama wataitumia pia, sema itawekwa pale mkononi walipotoa kile kipande. Kwa hiyo usishangae ukikuta vidonda vitatu, na cha paja ndo atakachokilalamikia kuliko vyote, kinawaka kama umeungua.

Kuhusu mikeka, muulize kama wamempima mkono. Anakunja ngumi, wanabana mishipa miwili ya kwenye kifundo, anafungua kiganja kimekuwa cheupe, wanaachia ule wa upande wa kidole kidogo. Wekundu ukirudi haraka ina maana mshipa mmoja unatosha kulisha kiganja. Kawaida wanachukua mkono asioutumia sana. Huo mkono usichomwe sindano wala dripu kuanzia sasa, sema kwa sauti hata kama nesi atanuna.

Mtu_wa_Ruwi
Mjomba asichekwe lakini, hajatunga. Mi niko Muscat, nilitolewa uvimbe kwenye tezi ya mate mbele ya sikio, daktari akaniambia ataweka karatasi fulani kati ya ngozi na pale tezi ilipokuwa, maana bila hivyo neva za mate zinaweza kuota zikaishia kwenye jasho, ukitia ndimu kwenye samaki tu shavu linatiririka jasho mbele za watu. Nikamuuliza karatasi ya nini? Akasema ni ngozi ya mtu aliyefariki akajitolea, imeoshwa seli zote ikabaki nyuzi tupu, ndo maana mwili hauikatai. Zipo pia za nguruwe na za ng'ombe. Nikaomba siku mbili nikaongee na sheikh, akanambia kwanza uliza kama kuna njia nyingine. Nikarudi nikauliza, ikapatikana, wakageuza kipande cha msuli wangu wa shingo wakaziba nacho. So muulize daktari wazi wazi, na kitu chochote cha kuagiza wakuonyeshe boksi.

KakaMakorora
Baba alifanyiwa hii hii, ulimi. Ninachoweza kukusaidia ni siku zile mbili tatu za mwanzo, usiwaachie wao peke yao. Kile kiraka kinatakiwa kiwe na rangi ya ngozi na kiwe cha moto. Kikipauka na kupoa, damu haiingii. Kikivimba na kuwa zambarau, inaingia ila haitoki. Cha baba kilibadilika saa 8 usiku, kumbe ile kamba ya mpira wa kupumulia wameifunga shingoni imekaza imebana mshipa, nesi wa zamu ananambia ngojea daktari asubuhi, nikafanya fujo kweli kweli mpaka daktari akapigiwa simu. Wakamrudisha ndani usiku ule ule, kikapona. Hospitali siitaji. Kitu chochote kuzunguka shingo kataa, na asilalie upande ule.

Tena msiogope mkikuta nywele zinaota mdomoni hahaha, ngozi ya mkono inabaki ngozi ya mkono, baba alikuwa anapunguza na kimkasi mbele ya kioo. Alipopigwa mionzi zikaisha zenyewe.

BintiPangani
Asanteni mno, nimemsomea mama yote isipokuwa ya KakaMakorora ya usiku. Ya nywele kacheka mpaka kashika shavu. Leo tumerudi kliniki nimeuliza, daktari kasema hakuna cha kuagiza, kila kitu cha kwake, na kipimo cha ngumi kamfanyia mbele yangu, kiganja kikarudi chekundu kabla sijahesabu tano. Wamechagua kushoto. Tatizo lililobaki ni bangili, ipo mkono huo tangu harusi yake na haijawahi kutoka, nesi kasema ivuliwe au ikatwe. Hapa nimekaa na mafuta ya nazi na sabuni, mwenyewe anasema nivute taratibu.