Wakuu, nile chumvi kiasi gani kinu cha nyuklia kikilipuka?

Mlalahoi wa Antwerp: Salaam wakuu. Niko Ubelgiji, kinu cha Doel ni jirani yangu kabisa. Nasikia madini joto yanakinga tezi ya shingo dhidi ya mionzi. Chumvi, samaki, mwani: nile kiasi gani niwe tayari?

Kibakuli: Chumvi iache. Marehemu baba alikuwa hajaonja mchuzi, keshanyunyiza. Presha ikaondoka naye.

Mfamasia Mstaafu: Tezi ikishiba madini joto ya kawaida, yale ya mionzi hayapati pa kukaa. Lakini mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku. Kidonge cha dharura cha miligramu 130 kina karibu miligramu 100 za madini joto. Kwa chumvi yenye miligramu 30 kwa kilo, ulambe zaidi ya kilo 3. Huko vidonge vinatolewa bure maduka ya dawa, na havimezwi mpaka serikali itangaze. Una miaka mingapi? Tezi ni nzima?

Kibakuli: Kilo 3! Mionzi itamkuta ng'onda.

Mlalahoi wa Antwerp: Miaka 36. Ya tezi tuyaache.

Mfamasia Mstaafu: Hatuyaachi.

Mlalahoi wa Antwerp: Haya. Mwaka jana niliambiwa tezi inafanya kazi kupita kiasi, natumia dawa. Nimeanza vidonge vya mwani, wiki ya tatu sasa. Usiku moyo unakwenda mbio ila ni mawazo tu. Wajapani si wanakula mwani? Halafu nimeshalipia pakiti 6.

Mfamasia Mstaafu: Acha leo, mpigie daktari wako leo. Chakula kina maana: kinu cha Chernobyl kilipolipuka 1986, watoto wengi wa kule walipungukiwa madini joto, tezi zikafyonza mionzi ya kwenye maziwa kwa pupa. Poland wakawanywesha watoto zaidi ya milioni 10 dawa yenyewe. Hawakugawa mwani.

Pweza Mkavu: Pakiti 6? Hii chai. Kesho tunawekewa namba ya kuagizia.

Bi Kamba: Mie nalima mwani Paje, mbona wateja hao siwaoni?

Mlalahoi wa Antwerp: Muuzaji gani atakwambia bidhaa yake inakimbiza moyo?

Pweza Mkavu: Ndiyo tangawizi ya chai yenyewe.

Mfamasia Mstaafu: Chai au si chai, umepiga simu?

Mlalahoi wa Antwerp: Nimepiga, nimepewa kesho asubuhi. Ila pakiti 5 hazijafunguliwa na hela hawarudishi. Mke wangu tezi yake nzima, hawezi kuzimalizia?