Mjadala: Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa anyimwe akaunti?

Wakuu, hili tusipakane mafuta kwa mgongo wa chupa. Mzazi akienda benki kumfungulia mwanawe akaunti ya akiba, anadaiwa kitambulisho chake cha NIDA, picha, na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Kwa mtu wa mjini ni jambo dogo. Kwa mtoto aliyezaliwa nyumbani kule Kalya, mwambao wa Uvinza huku Kigoma, cheti ndio mlima wenyewe: bila kadi ya kliniki unaanza kusaka barua na mashahidi, halafu safari ya wilayani ambayo nauli yake yaweza kumeza akiba yote.

Msimamo wangu: akaunti ndogo yenye ukomo wa kiasi ifunguliwe kwa kadi ya kliniki au rejesta ya shule, pamoja na barua ya mtendaji. Cheti kifuate. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamruhusu mwenye miaka 14 kufanya kazi nyepesi. Sasa binti wa miaka 15 anayeanika dagaa Kibirizi, hela yake inakaa wapi? Kwenye simu ya mjomba. Mjomba akibanwa na shida, hela imekwenda, na hakuna karatasi hata moja inayosema ilikuwa ya binti.

Na wale wanaolelewa na bibi asiye na namba ya NIDA? Huku mpakani maswali ya uraia hayaishi.

Mdau wa Kasulu: Ndugu, barua za mtendaji tunajua zinavyopatikana. Mtu mzima mwenye pesa chafu akifungua akaunti kumi kwa majina ya watoto, utamjuaje? FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji wa fedha, kilituweka kwenye orodha ya kijivu, yaani ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, Oktoba 2022, tumetoka Juni 2025. Mnataka turudi?

Mleta mada: Barua kununuliwa, hapo uko sahihi kabisa, ndiyo maana nikataja rejesta: mwalimu anamfahamu mtoto kwa sura. Lakini FATF hiyohiyo inaruhusu uhakiki mwepesi pale hatari ilipo ndogo. Huyo mwenye akaunti kumi atanaswa na ukomo wa kiasi na alama za vidole za mlezi. Cheti hakimzuii, kwani hakina picha wala alama ya kidole. Kinasema mtoto fulani alizaliwa, basi. Mlioko kwenye matawi ya Kigoma mjini na Kibondo, tuelezeni: cheti kikiletwa dirishani, mnajuaje ni cha mtoto huyo?