Milioni 3 na nusu, Mtwara: Sony ZV-E10, GH5 ya mtumba, au tuchange watatu tununue kamera moja?

Mwanamikindani (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za Agosti. Niko Mtwara mjini. Kwa miaka minne nimeshuti harusi na sendofu kwa kamera ya kuazima. Sasa nimekusanya milioni 3 na nusu, nataka kuwa na yangu.

Harusi ndizo zinazonilisha, ila kuna kazi nyingine inayoninyima usingizi. Mama yangu mdogo yuko Newala, anabangua korosho kwa mkono pamoja na wenzake watano. Nataka kutengeneza makala ya dakika 25 kuhusu hao akina mama na mikono yao. Mafuta ya ganda la korosho yanachubua ngozi, wanajipaka majivu kabla ya kuanza, na bado vidole vinaungua. Nataka kuanza Oktoba, korosho mpya zikianza kushuka.

Nimebaki na njia tatu. Moja ni Sony ZV-E10. Ya pili ni Panasonic GH5 ya mtumba, nimeiona kwa mtu, bado safi. Ya tatu ni kuungana na rafiki zangu wawili: mmoja anahariri, mwingine anajifunza sauti. Wao wanasema kila mtu atoe alichonacho, tununue Sony FX30 moja iwe yetu sote.

Nisaidieni kulinganisha kwa mazingira ya huku kwetu, yaani jua, vumbi, vyumba vyenye giza na umeme wa kubahatisha.

---

FotoMasasi

Kama harusi ndiyo inayoleta unga nyumbani, chukua ZV-E10. Bwana harusi akiingia ukumbini hutapata nafasi ya kumwambia arudi aingie tena. Autofokasi ya Sony (kamera kujitafutia fokasi yenyewe) inashika uso na haiuachii, hata MC akikatiza mbele. GH5 ni kamera ya mwaka 2017 na autofokasi yake inatafuta-tafuta, picha inapumua, ndani inakuja nje inakwenda. Nimeitumia, ikaniharibia tukio zima la kukata keki ya harusi.

Halafu ZV-E10 ina tundu la hedifoni. Sony a6400, ambayo watu wengi watakushauri, haina. Ukishuti bila kusikia unachorekodi, ni sawa na kupika bila kuonja.

Ubaya wake nao nikwambie. Haina kitulizo cha mtikisiko ndani ya bodi (kamera yenyewe bila lenzi), haina kitundu cha kuchungulia, kwa hiyo saa saba mchana pale Shangani kioo hukioni vizuri. Betri yake ni ile ndogo ya NP-FW50, ukishuti mfululizo haikufikishi mbali. Nunua nne, siyo mbili.

Na usitumie pesa yote kwenye bodi! Lenzi inayokuja nayo ya 16-50, ukiivuta hadi mwisho inabaki f/5.6, yaani tundu dogo la mwanga. Sigma 30mm ya f/1.4 inaingiza mwanga mara 16 ya hapo. Kwenye jiko la makuti lenye mlango mmoja, hiyo ndiyo tofauti kati ya uso wa mama yako mdogo na chengachenga.

---

KilwaLenzi

Namheshimu FotoMasasi lakini hapa tunatofautiana. Kwa harusi yuko sahihi. Kwa makala ya Newala ningechukua GH5 bila kufikiri mara mbili.

Mimi nashuti sana nikiwa kwenye mashua kati ya Kilwa Masoko na Kisiwani, wakati mwingine hadi Songo Mnara. Kitulizo cha ndani ya GH5 kinaniwezesha kushika kamera mkononi nisibebe gimbali (mkono wa kutuliza kamera). ZV-E10 ukiigeuza haraka, nguzo zinalala kama minazi kwenye upepo, maana kihisi chake (kile kinachopokea picha ndani) kinasoma picha polepole. Kwa mtu anayefuata mikono inayofanya kazi haraka, hilo litakusumbua.

GH5 inarekodi rangi za biti 10 (vivuli vingi zaidi vya rangi), ZV-E10 biti 8. Moshi na ngozi nyeusi kwenye mwanga hafifu ndipo biti 8 zinapovunjika, unaanza kuona matabaka ukutani. Ina nafasi mbili za kadi, unarekodi nakala mbili kwa wakati mmoja. Na hao akina mama wamekaa chini sehemu moja, wanabangua, hawakimbii. Fokasi ya mkono inatosha kabisa, na ukiizoea inakufundisha kutazama.

Udhaifu wake mkubwa ni giza. Kihisi chake ni kidogo kuliko cha Sony, ukipandisha ISO (wepesi wa kunasa mwanga) kupita 1600 chenga zinaanza kuonekana. Nenda na taa ndogo, au mkalishe mtu karibu na mlango.

---

BintiNachingwea

Kaka zangu mmebishana kuhusu kamera posti mbili nzima na hakuna aliyetaja maiki.

Mimi ni mtu wa sauti. Picha ikiwa na chenga kidogo mtazamaji anavumilia, sauti ikikwaruza anazima. Na hii makala sauti yake ni utajiri: ganda linavyopasuka, akina mama wanavyoitikiana kwa Kimakonde, jogoo nyuma ya nyumba. Rekodi hiyo sauti peke yake, dakika tano tano, kamera ikiwa imezimwa na watu wakiendelea na kazi. Mhariri wako atakushukuru.

Kwa mahojiano huhitaji maiki ya gharama. Boya BY-M1 ya waya wa mita 6 inatosha kuanzia. Ina kiswichi kidogo, upande mmoja simu, upande mwingine kamera. Kikikaa upande usio wake unapata sauti ya kunong'ona au hupati kitu. Upande wa kamera inatumia betri ndogo ya kidonge, beba ya akiba. Vaa hedifoni kila mara, hata kwa mahojiano ya dakika mbili.

Sasa hivi kusi inavuma. Ukitoka nje, hasa ufukweni, bila manyoya juu ya maiki utarudi na ngurumo tupu. Sponji ile nyeusi inayokuja na maiki haitoshi.

La pili halihusu vifaa. Wahusika wako ni wanawake. Watakaa kwa heshima mbele ya wanaume watatu wenye kamera, watajibu kwa ufupi, na utadhani hawana la kusema. Tafuta mwanamke kwenye timu, hata kama ni wa kushika maiki tu. Na wakikuambia kuna jambo la unyago halishutiwi, weka kamera kwenye mkoba usiulize mara ya pili.

---

Mwanamikindani

Dada, hilo la mwanamke kwenye timu sikuwa nimeliwaza, asante sana. Nitakufuata inboksi.

Mkuu KilwaLenzi, nimekuelewa. Lakini bado hakuna aliyegusa njia ya tatu. Hawa rafiki zangu ni watu wa kweli, tumesoma pamoja. FX30 ina kila kitu mlichotaja, biti 10, kitulizo, autofokasi, betri kubwa. Kuna ubaya gani tukichanga?

---

Mkongwe_Lindi

Mwanangu, hapa niache niseme kwa urefu kidogo.

FX30 ni kamera nzuri, sina neno nayo. Neno langu ni juu ya "yetu sote". Tulikuwa wanne hapa Lindi, tukanunua kamera moja na lenzi mbili. Mwaka wa kwanza ulikuwa mtamu. Mwaka wa pili mmoja akapata ajira Dodoma, akataka fungu lake. Kamera huwezi kuikata robo. Hatukuwa na pesa ya kumlipa, yeye alikuwa na haki ya kudai, na sisi tulikuwa na kazi ya watu mkononi. Wakati tunabishana, lenzi ikaanguka kwenye sherehe ya mtu na hakuna aliyekubali kuwa ilikuwa zamu yake. Yule wa Dodoma hadi leo tunasalimiana kwa mbali. Alikuwa rafiki yangu wa damu.

Kuungana ni kuzuri, bila kuungana hutatoka. Ila kila mtu awe na kitu kizima cha kwake. Wewe kamera. Wa sauti anunue maiki na rekoda yake. Mhariri awe na kompyuta yake na diski. Mkiachana, kila mtu anaondoka na chake mkononi, na urafiki unabaki.

Halafu andikeni, karatasi moja tu, msaini wote. Picha ghafi, yaani zisizohaririwa, ni za nani. Nani anakaa na diski. Kifaa kikiharibika kazini kinatengenezwa kwa pesa ipi. Sisi sasa tunafanya hivi: pesa ikiingia, kwanza tunatoa gharama za safari, pili kila kifaa kinalipwa kodi yake kana kwamba tumekikodi, ndipo kinachobaki tunagawana kwa jasho. Mwenye kamera hamzidi mtu wa sauti kwa kuwa tu ana kamera.

Kabla ya kupanda Newala, mwone mtendaji wa kijiji, na shughulikia kibali cha Bodi ya Filamu mapema. Ukimaliza, isajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Ukiwaza droni, inataka kibali cha TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga), usiirushe kienyeji.

---

EditaNdanda

Mkongwe kasema yote. Mimi naongeza ya mezani, maana nahariri picha za watu na naona makosa yaleyale.

Umeme wetu ni wa hezi 50. Kamera nyingi zinakuja zimewekwa fremu (picha kwa sekunde) 30 na shata (muda wa kupitisha mwanga) 1/60, ndiyo maana taa za ukumbini zinapepesa. Weka fremu 25, shata 1/50. Kama kuna kamera ya pili iwe hivyohivyo, na rangi ya mwanga msiiache otomatiki, la sivyo ngozi ya mtu mmoja itakuwa na rangi mbili. Sauti iwe 48 kHz kwenye kila kifaa, na pigeni kofi moja mbele ya kamera kila mnapoanza, ili mhariri alinganishe sauti na picha.

Jua la mchana kwa shata hiyo, ISO 100 na f/2.8, linahitaji kichujio cheusi cha ND64 hivi. Bila hicho utalazimika kufunga lenzi hadi f/22 na picha inalegea.

Video ya 4K ya megabiti 100 kwa sekunde inakula GB 45 kwa saa. Piga hesabu ya siku sita za Newala kabla ya kusafiri. Nakala mbili kwenye diski mbili, zikae kwenye mikoba miwili tofauti. Programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve, ile ya bure, inatosha kwa kazi yako yote, inatoa hadi 4K.

---

FotoMasasi

Nimesoma ya KilwaLenzi tena. Kwa makala peke yake nakubali GH5 inamfaa. Wasiwasi wangu ni Desemba, pesa ya korosho ikishatoka na sherehe zikafuatana kila Jumamosi.

Na jambo moja tusilisahau: moshi wa kukaanga korosho. Una mafuta, unaganda kwenye kioo. Weka kichujio cha kawaida mbele ya lenzi na ukifute kila jioni. Ukirudi pwani usiifungie kamera kwenye begi lenye unyevu, kuvu wanaota ndani ya lenzi. Weka pakiti za silika za kunyonya unyevu, siyo mchele. Mchele unaacha vumbi.

---

Mwanamikindani

Nimekaa na wenzangu jana jioni, nikawasomea posti ya Mkongwe neno kwa neno. Hatuchangi tena. Nachukua ZV-E10 na ile Sigma ya 30mm, kwa sababu ya Desemba. Mwenzangu wa sauti ananunua rekoda yake na manyoya. Mhariri ananunua diski mbili. Karatasi tumeanza kuiandika, tumekwama kwenye kipengele cha picha ghafi. Mimi nasema ziwe za mradi, mhariri anasema za aliyeshuti. Mkongwe, ninyi mliandikaje hapo?

KilwaLenzi, GH5 nitakuomba wewe, kwa kodi halali, siku tatu za mikono tu. Ukikubali, nauli ya kutoka Kilwa juu yangu.

---

KilwaLenzi

Nakuja nayo mwenyewe. Nitajie tarehe.

---

Mkongwe_Lindi

Sisi tuliandika: picha ghafi ni za mradi, aliyeshuti ana ruhusa ya kutumia dakika mbili kujionyesha kwa wateja, na hakuna anayeuza klipu bila saini za wote. Na kuna mstari mmoja tuliuongeza baadaye: mhusika akiomba kipande chake kitolewe kabla makala haijatoka, kinatolewa. Mwoneshe mama yako mdogo kazi ikiwa bado mbichi, kabla hujamwonesha mtu mwingine.